Usugu wa Dawa: Walichokiona Watafiti wa Kibong'oto na Moshi, na Kinachotuhusu Sisi

Yafuatayo ni maandishi ya mada iliyotolewa na mtaalamu wa maabara mstaafu mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia na wageni wafadhili, mjini Bomang'ombe, wilayani Hai. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa kamati nyingi zimeomba nakala.



Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa usugu wa dawa, na niseme kwa lugha ambayo mtu asiye wa maabara ataielewa. Nitajitahidi. Nikianza kupotelea kwenye majina ya vijidudu, Mwenyekiti ana ruhusa ya kugonga meza.

Mimi si mtafiti. Nimefanya kazi ya maabara kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa nikiwa nimeinamia darubini, nikitafuta vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi ya watu. Nilikuwa mmoja wa wale wanaopaka makohozi kwenye kioo, wanaotia rangi, wanaohesabu na kuandika kwenye daftari. Lakini kazi ya watafiti wa eneo letu nimeiona kwa karibu, na nyumba yetu imeguswa na jambo wanalolitafiti. Nitaanza na nyumba yetu, ili mjue kwa nini leo ninaomba ninachokiomba.

Nyumba yetu

Miaka ya nyuma nilikuwa nikisaidia zahanati moja, ambayo sitaitaja. Pale nilikuwa na kazi mbili: maabara asubuhi, na dirisha la dawa mchana. Mdogo wangu alianza kukohoa. Alikuja dirishani, si maabara. Nikampa amoksilini. Baada ya wiki mbili akarudi, nikampa siprofloksasini, ile tunayoiita sipro. Akapata nafuu. Baada ya mwezi akarudi tena, nikampa sipro kwa mara ya pili. Mimi mwenyewe, mtu wa maabara, sikumwambia atoe makohozi. Alikuwa mdogo wangu, ana nguvu, anafanya kazi ya uashi, na foleni ilikuwa ndefu.

Mwaka 2008 alipimwa mahali pengine akakutwa na kifua kikuu. Akaanza dawa za miezi sita. Mwezi wa tatu alijisikia mzima, akapata kazi mbali na nyumbani, akaacha dawa. Mwaka 2009 ugonjwa ulirudi. Akaanzishiwa dozi ya pili, pamoja na sindano, na safari hii alimeza kila siku mbele ya macho yangu. Hakupona. Makohozi yake yakapelekwa Dar es Salaam kuoteshwa na kupimwa kama vijidudu vinasikia dawa. Siku zile majibu ya kipimo hicho yalichukua miezi. Yaliporudi yalisema kwamba ana kifua kikuu sugu.

Wakati tukisubiri, alikuwa akilala nyumbani kwa mama. Mama alimpikia, alimwekea maji, alikaa naye usiku akikohoa. Mama naye akaanza kukohoa. Alifariki mwaka 2010, kabla majibu ya makohozi yake hayajatoka. Yalipotoka, yalionyesha usugu uleule. Mama hakuwahi kuruka kidonge cha kifua kikuu hata kimoja, kwa sababu hakuwahi kukimeza. Aliupokea ugonjwa ukiwa tayari umeshakuwa sugu.

Mdogo wangu alilazwa Kibong'oto. Alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu na zaidi, miezi ya kwanza akichomwa sindano kila siku. Akapona. Lakini zile sindano zilichukua masikio yake. Yuko hapa leo, amekaa mstari wa nyuma. Hanisikii, lakini anajua ninachosema, maana tulikiandika pamoja jana jioni, naye ndiye aliyesema nisifiche habari ya dirisha.

Vijidudu vinajifunzaje

Wafugaji wazee mliopo hapa mtaelewa haraka kuliko wengine. Mnakumbuka josho. Dawa ya josho ikiwa na nguvu kamili, kupe wanakufa. Msimamizi akiongeza maji ili dawa idumu, wanakufa wale dhaifu, wanabaki wachache wenye ngozi ngumu. Hao ndio wanaozaa. Baada ya misimu michache unamchovya ng'ombe, na kupe wanatembea juu yake kama hawakuguswa na kitu.

Bakteria nao ni hivyo hivyo. Katika bakteria milioni moja wa kifua kikuu, kwa makadirio, mmoja hivi amezaliwa na kasoro inayomfanya asisikie dawa ya isoniazidi. Katika milioni mia moja, mmoja hivi hasikii rifampisini. Na shimo moja lililochimbwa na ugonjwa ndani ya pafu linaweza kubeba bakteria milioni mia moja au zaidi. Maana yake ni kwamba kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, ndani yake tayari wamo wachache wasiosikia dawa hii au ile.

Ukimpa dawa moja tu, unawaua wote isipokuwa hao wachache, na umewapa shamba lote. Ukimpa dawa mbili kwa pamoja, yule anayeiponyoka ya kwanza anakamatwa na ya pili. Ili bakteria azaliwe na kasoro zote mbili kwa mara moja, ungehitaji bakteria trilioni mia moja, na mapafu hayabebi idadi hiyo. Ndiyo sababu kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja na kwa muda mrefu. Mgonjwa anapoacha dawa katikati, hesabu hiyo inavunjika.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Dawa ya kwanza iliyokuwa na nguvu dhidi ya kifua kikuu, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa na kutoa taarifa mwaka 1948. Wagonjwa walipata nafuu kubwa, kisha baada ya miezi michache baadhi yao wakaanza kurudi nyuma, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeshakuwa sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, naye alionya alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu anayetumia dawa kidogo kuliko inavyotakiwa anavifundisha vijidudu kuizoea.

Nchi yetu ina sehemu yake nzuri katika historia hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania ilishirikiana na Dk. Karel Styblo, mtaalamu mzaliwa wa Czechoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi, na ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa kifungoni katika kambi ya Wanazi. Yeye na wataalamu wetu walijenga utaratibu wa wilaya kwa wilaya: kupima makohozi kwa darubini, kumpa mgonjwa dawa chini ya uangalizi, na kuandika kila mgonjwa kwenye rejista hadi mwisho wa tiba. Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo katikati ya miaka ya 1990 na kuueneza kwa nchi nyingine kwa jina la DOTS. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 hadi 2007 ulionyesha matunda yake: kati ya wagonjwa wapya wa kifua kikuu nchini, takriban mmoja tu katika mia alikuwa na usugu wa dawa kuu zote mbili. Nchi nyingine zilikuwa na hali mbaya zaidi kuliko hiyo.

Lakini mmoja katika mia ni mtu. Kwetu sisi walikuwa wawili, katika nyumba moja.

Swali la daktari wa Kibong'oto

Ukitoka hapa Bomang'ombe ukashika barabara ya Sanya Juu, unaelekea Kibong'oto. Hospitali ile imekuwapo tangu mwaka 1926, ikiwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Wazee wetu waliiogopa. Kusema fulani amepelekwa Kibong'oto ilikuwa karibu sawa na kusema hatarudi. Leo iko wilaya ya Siha, na ni hospitali maalum ya magonjwa ambukizi. Novemba 2009 ndipo tiba ya kifua kikuu sugu ilipoanza kutolewa nchini, na ilianzia hapo.

Miongoni mwa madaktari waliowahudumia wagonjwa hao wa mwanzo na kuandika habari zao ni Dk. Stellah Mpagama. Mwaka 2013 yeye na wenzake, wakiwamo Profesa Gibson Kibiki na Dk. Happiness Kumburu wa Moshi pamoja na Dk. Scott Heysell wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha taarifa ya kundi la kwanza la wagonjwa. Waliandika wazi kwamba safari ya mgonjwa kutoka kutoa makohozi hadi kuanza tiba ilikuwa ndefu mno. Mimi niliposoma maneno yale sikuhitaji kufafanuliwa.

Napenda kuwaeleza kazi yao, kwa sababu inaonyesha utafiti ni nini. Watu wengi hudhani mtafiti ni mtu anayetafuta dawa mpya. Dk. Mpagama na wenzake walianza na swali dogo lililotokea wodini: kwa nini wagonjwa wawili wanaotumia dawa zilezile, chini ya muuguzi yuleyule, mmoja anapona upesi na mwingine anachelewa?

Hatua ya kwanza ilikuwa kuvipima vijidudu vyenyewe kwa undani zaidi. Kipimo cha kawaida kinatoa jibu la ndiyo au hapana, kwamba anasikia dawa au hasikii. Wao walitumia sahani yenye vishimo vidogo vingi, kila kishimo kikiwa na dawa kwa kiwango tofauti, kutoka kidogo hadi kingi, kisha wakaangalia kijidudu kinashindwa kwenye kishimo kipi. Ni kama kuuliza mzigo una kilo ngapi badala ya kuuliza kama ni mzito. Ukijua kijidudu cha mgonjwa huyu kinahitaji dawa kiasi gani, unaweza kuchagua dawa kwa akili zaidi.

Hatua ya pili ilikuwa kumpima mgonjwa. Mgonjwa alimeza dawa zake, kisha baada ya saa kadhaa damu ikachukuliwa. Maji ya damu yakachanganywa na vijidudu vilivyooteshwa kutoka kwenye makohozi ya mgonjwa huyohuyo, na swali likawa: je, damu hii, jinsi ilivyo sasa, inaweza kuwazuia vijidudu hawa wasiote? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba watu hawafanani. Kidonge kimoja kinaweza kuacha dawa ya kutosha kwenye damu ya mtu mmoja na kuacha pungufu kwenye damu ya mwingine. Mgonjwa anaweza kuwa mwaminifu, hajaruka hata siku moja, na bado damu yake ikawa kama lile josho lililoongezwa maji.

Ndugu wajumbe, naomba mlishike hilo. Mara nyingi sisi watu wa kanisa na watu wa afya tumezoea kumlaumu mgonjwa. Tunasema hakumaliza dozi, ni mzembe, ni mlevi. Wengine ndivyo walivyo, na mdogo wangu amekubali kosa lake. Lakini watafiti wa hapa jirani wametuonyesha kwamba usugu unaweza kuanzia kwenye kipimo cha dawa kisichomtosha mtu, kwenye kipimo cha maabara kilichochelewa, na kwenye chumba kisichopitisha hewa ambamo mama analala na mwanawe.

Kazi hiyo imeendelea. Taasisi ya utafiti ya KCRI, iliyo pamoja na hospitali ya KCMC mjini Moshi, ilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyoshiriki katika jaribio la wagonjwa 365 lililofanyika mwaka 2013 na 2014. Waliuliza kama dozi ya kawaida ya rifampisini, ambayo zamani ilipangwa kwa kuangalia pia bei ya dawa, ni ndogo mno. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba waliopewa dozi kubwa, pamoja na dawa zao nyingine, makohozi yao yalisafika kwa siku 48 kwa wastani, wakati wa dozi ya kawaida walihitaji siku 62. Watu wa Kibong'oto nao wametoka wodini kwenda kuwatafuta wagonjwa waliko, hata kwa wachimbaji wa madini wa Mererani, ambako vumbi la mawe huyachosha mapafu kabla ya kijidudu kufika.

Na tiba yenyewe imebadilika. Kipimo cha jeni, kile cha mashine ya GeneXpert, kinatoa jibu la usugu wa rifampisini kwa muda wa saa mbili hivi badala ya miezi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema zile sindano za kanamaisini zilizoua masikio ya watu zisitumike tena. Mwaka 2022 likapendekeza tiba ya vidonge vitupu kwa miezi sita kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu. Mdogo wangu nilipomwandikia habari hiyo kwenye karatasi, aliisoma mara mbili, akaandika chini yake: "Vizuri kwa wajao."

Si kifua kikuu peke yake

Huenda mjumbe mmoja anajiuliza kifua kikuu kinahusianaje na dawa tunazouza kwenye zahanati zetu.

Kinahusiana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile sipro. Dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na levofloksasini na moksifloksasini, ambazo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu sugu. Mtu mwenye kifua kikuu akipewa sipro kwa kikohozi, anaweza kupata nafuu kwa muda. Ugonjwa unajificha, utambuzi unachelewa, watu wa nyumbani wanaendelea kuambukizwa, na vijidudu vinaanza kuizoea dawa ambayo kesho ingekuwa ya kuokoa maisha. Nilichokifanya mimi dirishani hakikuwa msaada, kilikuwa kumsaidia kijidudu kupata muda.

Ya pili ni kwamba kosa hilo linatokea kwa homa zote. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa KCMC na wenzao wa ng'ambo, wakiongozwa na Profesa John Crump, waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari walikuwa wamewaandikia wagonjwa 528 kwamba wana malaria. Vipimo vya uhakika vilionyesha kuwa waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, na wengine magonjwa yanayotoka kwa mifugo na wanyama, kama brusela na homa ya leptospira. Hospitali kubwa zilikuwa zikikosea kiasi hicho, basi fikirini dirisha la zahanati lisilo na kipimo chochote.

Na bakteria hao wa kwenye damu nao wanazidi kuwa sugu. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watoto 1,828 waliolazwa na dalili za maambukizi makali. Kati ya wale waliokutwa na bakteria wa kundi liitwalo gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na malaria, ambao ni asilimia 20.2. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake hawaisikii alikuwa katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016 Tolbert Sonda na wenzake wa Moshi walikusanya tafiti za hospitali za Afrika Mashariki wakaona kwamba, kwa ujumla, asilimia 42 ya bakteria wa jamii ya E. koli na ndugu zake waliopimwa walikuwa na uwezo wa kuzivunja dawa nyingi za nguvu tunazozitegemea wodini. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 ni vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria.

Mji wetu huu unaitwa Bomang'ombe, kwa hiyo siwezi kumaliza bila kuwataja ng'ombe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika katika kaya za Wamasai, Waarusha na Wachaga wa kaskazini, ulionyesha kwamba wingi wa dawa peke yake hautoshi kueleza usugu. Njia za bakteria kuhama kutoka kiumbe hadi kiumbe, kama kunywa maziwa yasiyochemshwa, nazo zina uzito mkubwa. Kwa hiyo mama anayechemsha maziwa na kunawa mikono baada ya kukamua anapambana na usugu wa dawa sawa na daktari.

Dirisha la dawa

Sasa nafika mahali pagumu.

Najua, na wahasibu wa kamati wanajua, kwamba katika zahanati nyingi za parokia mapato ya dirisha la dawa ndiyo yanayomlipa mlinzi, yanayonunua mafuta ya jenereta na kutoa posho ya muuguzi. Mgonjwa anakuja na shilingi zake chache, anataka vidonge sita vya rangi mbili, anapewa. Sheria ya nchi inataka cheti, sisi tunafumba macho. Tukimnyima atakwenda duka la jirani, nasi tutakosa hela na yeye atapata vidonge vilevile. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi. Niliitumia mwenyewe.

Sina jibu la kuifuta hoja hiyo yote. Ni kweli baadhi watakwenda duka la jirani. Lakini zahanati yetu ina jina la kanisa juu ya mlango. Watu huamini kwamba kinachotoka humo kimefikiriwa. Tukiuza nusu dozi, tunawafundisha kuwa nusu dozi ni halali. Tukisema, "Kaa, tupime kwanza," tunawafundisha jambo jingine, na wengine watarudi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo naomba kamati zijadili mambo matatu kabla ya kikao kijacho.

La kwanza, dirisha la dawa lisitoe antibiotiki bila cheti, na kamwe lisitoe chini ya dozi kamili. Asiye na fedha ya dozi yote asaidiwe na mfuko wa parokia, hata kama ni kwa mkopo. Pengo la mapato lipigiwe hesabu wazi, na liletwe kwa waumini na kwa wafadhili likiwa na jina lake halisi, yaani posho ya muuguzi na mshahara wa mlinzi. Ni aibu ndogo kuomba mshahara wa mlinzi kuliko kuutoa kwenye vidonge.

La pili, kila anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi atoe makohozi, awe tajiri, maskini, katekista au mdogo wake mtu wa maabara. Zahanati isiyo na kipimo iwe na siku maalum za kusafirisha makohozi kwenda kituo chenye mashine. Tunahitaji pikipiki, kisanduku cha baridi na mtu wa kuaminika. Tunahitaji pia madirisha yanayofunguka katika vyumba vya kungojea, jambo ambalo fundi wa parokia anaweza kulifanya kwa siku mbili.

La tatu, vikundi vya wafugaji vya parokia viwe na daftari. Ng'ombe akichomwa dawa, iandikwe tarehe, jina la dawa, na siku ambazo maziwa yake hayatauzwa wala kunyweka. Afisa mifugo aulizwe kabla ya sindano.

Kwa wageni wetu wafadhili nina neno moja, nalo nalisema kwa heshima na shukrani. Tumepokea kutoka kwenu makasha ya dawa kwa miaka mingi, na wapo watu walio hai kwa sababu hiyo. Lakini safari nyingine tuulizeni kwanza. Kasha la antibiotiki linalokaribia kuisha muda wake, likifika kwenye zahanati isiyo na maabara, linakuwa kishawishi. Fedha ileile ikisomesha kijana mmoja wa Hai kazi ya maabara, au ikilipia usafiri wa makohozi kwa mwaka, itaokoa watu zaidi, ingawa haipigwi picha vizuri.

Serikali ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Watafiti wa Moshi na Kibong'oto wanafanya sehemu yao. Mpango na utafiti vyote huishia mahali pamoja, mbele ya mtu anayekohoa na mtu aliye upande wa pili wa dirisha.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Nilikuwa na darubini mlango wa pili, hatua kumi tu kutoka pale, na sikumpeleka. Sitaki kamati yoyote hapa ije iyaseme maneno hayo.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize. Na anayetaka kumsalimia mdogo wangu, tafadhali aje mbele yake amwone uso, aongee taratibu, au aandike kwenye karatasi. Kalamu anayo.